Foto za likizo Kavimvira: unamlipa mpiga foto kwa kazi gani?

Kila inapokaribia likizo kubwa ya Julai na Agosti, swali lile lile linarudi kwenye simu za jamaa zetu wanaoishi Ulaya, Kanada, Marekani na hata Nairobi: tukifika Uvira, nani atatupiga foto? Mwaka huu swali lina uzito mwingine. M23 waliingia Uvira tarehe 10 Desemba 2025, siku sita tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kukutana Washington kwa mapatano ya amani. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, na Burundi ikafunga mpaka wake. Januari 2026 waasi wakatoka, jeshi la leta na Wazalendo wakarudi. Sasa wale wenye bibi, kaburi la baba au kiwanja Kavimvira wanataka kuja kuona kwa macho. Na mtu akija kuona, siku hizi, anataka foto.

Kuna watakaosema ni aibu kuzungumzia foto za likizo wakati familia zingine bado zinatafuta sufuria zilizobaki nyuma. Hatukubali. Kwa vijana wengi wa Uvira kamera ni jembe. Wanaishi na doti, ndoa, ubatizo, sherehe za kumaliza chuo, matanga. Vita ikija, sherehe zinakatika kwanza, kabla ya soko, kabla ya shule. Mtu anaweza kununua unga wakati risasi zinalia milimani, lakini haiti wageni mia mbili kwa doti. Kwa hiyo mgeni mmoja wa diaspora anayetaka foto za familia kando ya ziwa si jambo dogo kwa yule kijana. Tunachouliza sisi ni kama mgeni huyo anajua anachonunua. Kwa maoni yetu, wengi hawajui. Wanadhani wananunua kubonyeza kitufe, na kwa kuwa simu yao nayo inabonyezwa, bei yoyote wanaiona kubwa.

Tuanze na jua, maana hapo ndipo wageni wanapokosea mara nyingi. Uvira iko upande wa magharibi wa Tanganyika, imebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba. Jua linatoka upande wa Burundi, juu ya ziwa, na jioni linajificha mapema nyuma ya milima, kabla halijapata ile rangi nyekundu ambayo kila mtu anaipenda. Zile foto za jioni zenye maji ya dhahabu na milima myeusi, ambazo mgeni anamuonyesha mpiga foto kwenye simu na kusema “nataka kama hii,” zilipigwa ng'ambo, Bujumbura. Milima inayoonekana mle ndani ni ya kwetu, ndiyo ile ile iliyo nyuma ya mgongo wake anapouliza. Mpiga foto wa Kavimvira atamwambia: yaya, hapa tunaamka. Saa kumi na mbili ya asubuhi mwanga unakuja juu ya maji, unapiga uso moja kwa moja, wavuvi wa ndagala wanarudi na taa zao za usiku, na mchanga bado haujajaa watu. Saa mbili mambo yamekwisha, jua limekuwa kali. Jioni inafaa pia, ila kwa kitu kingine: ukisimama na mgongo kwa milima, kivuli kinakuwa kwako na mwanga wa mwisho unabaki ng'ambo, juu ya vilima vya Burundi.

Na kuna msimu. Julai na Agosti ni kiangazi. Vumbi la bonde la Ruzizi na moshi wa majani yanayochomwa milimani vinafunika ng'ambo yote, na ziwa linakuwa kama bahari isiyo na mwisho. Mama mmoja wa kutoka Brussels atalalamika kwamba Bujumbura haionekani. Mvua za kwanza zikishaosha hewa itaonekana, lakini wakati huo yeye atakuwa amerudi kazini. Mpiga foto mzuri hamdanganyi. Anamwambia ukungu ule ni mzuri kwa foto za watu, kwa sababu unapoza mwanga, na anamshauri kuacha kutafuta milima.

Mambo ya mwanga mtu anaweza kuyasoma. Mambo ya maji ni mpaka uwe unakaa hapa. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua kubwa zikifuatana mwaka kwa mwaka, maji yanapanda kuliko yanavyoweza kutoka. Yalipanda 2021, yakapanda vibaya zaidi 2024, na Kavimvira ilikuwa kati ya kartie zilizoumia. Ufuo aliouacha mtu mwaka 2018 akiwa kijana, fasi walipokuwa wanacheza mpira na kula mukeke wa kuchoma, huenda leo ni majani ya maji na ukuta uliolala. Mgeni anataja jina la ufuo, dereva wa taksi-moto anaitikia tu, na mnafika mahali ambapo hakuna ufuo. Mwenye kuishi hapa anajua mchanga uko wapi mwezi huu. Anajua pia, hasa ukisogea upande wa midomo ya Ruzizi, kwamba viboko wanatoka majini giza likiingia, na kwamba mtoto mwenye gauni jeupe hawekwi kwenye maji ya magoti kwa sababu tu foto itapendeza.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotukera zaidi. Zile nyumba zilizoliwa na ziwa zinavutia kamera. Ukuta umesimama ndani ya maji, dirisha halina kitu, nyuma yake ni bluu tupu. Tumeona jamaa, si wazungu, watoto wetu wenyewe, wanataka kusimama mle ndani na miwani ya jua. Kila nyumba ya aina hiyo ina mwenyewe. Labda anakaa kwa ndugu yake mtaa wa juu, labda anapanga chumba, labda bado anakuja kila asubuhi kuangalia kama maji yamerudi nyuma hata hatua moja. Uvira haijasahau usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito ilipojaa kutoka milimani, Mulongwe ikabeba nyumba na watu, na makumi wakafa. Kwa mkazi wa hapa ukuta ulioanguka si pambo la foto. Mpiga foto wa kartie anajua nyumba ile ni ya nani na atasema tuombe ruhusa kwanza, au tuache. Anayetoka mbali na kamera ya bei kubwa hana wa kumuomba, kwa hiyo haombi.

Kuna wengine wanaoleta mpiga foto wao kutoka Bujumbura au Bukavu, wakati barabara na mpaka vinaruhusu. Hatusemi ni kosa. Bujumbura ina watu wenye vyombo vizuri na waliozoea kazi ya fukwe. Lakini Kavimvira si ufuo tu. Kwa watu wa mkoa, jina hilo ni jina la mpaka. Kuna bariere, kuna watu wa DGM, kuna forodha, na askari wako kila upande. Mgeni akiangalia anaona ziwa. Mpiga foto wa hapa anaona askari aliyekaa chini ya mwembe kwenye pembe ya kushoto, anaona mlingoti wa antena, anaona gari lisilo na namba, halafu anasogeza familia hatua kumi kulia bila kueleza sana. Ile hatua kumi ndiyo kazi. Kongo hii, kamera iliyoelekezwa kwa askari, kwa kituo cha mpaka, kwa daraja au kwa bandari kama Kalundu inaweza kumpeleka mtu ofisini siku nzima, hata kama alikuwa anapiga foto ya keki.

Likitokea hilo, tuangalie nani anabaki na mzigo. Mwenye pasipoti ya Ubelgiji au ya Kanada atapiga simu, atalipa kitu, ataondoka. Kamera itabaki mezani, na kamera si yake. Mpiga foto atabaki Uvira, jina lake limeandikwa kwenye daftari ya mtu, na wiki ijayo atakutana na askari yule yule kwenye ndoa. Kwa hiyo mteja anaposema “piga tu, hakuna shida, mimi nitaongea nao,” anaweka dau kwa kitu cha mwingine. Tunasema wazi: mpiga foto akisema hapana kwa upande fulani, mazungumzo yameisha. Na drone iliyofichwa kwenye sanduku ibaki kwenye sanduku. Hata kabla ya vita ilihitaji ruhusa ya leta. Leo watu wa Uvira wakisikia mlio wa drone hawaangalii juu kwa furaha.

Hatari nyingine haionekani siku ya kupiga. Foto inasafiri. Kwenye vizuizi mtu anaweza kuambiwa afungue simu, na kilichomo kinasomwa kwa macho ya anayeshika bunduki siku hiyo. Mji huu umebadilisha wenyewe mara mbili ndani ya wiki sita. Foto iliyokuwa haina maana yoyote Novemba ilikuwa na maana Desemba, na ikawa na maana nyingine kabisa Januari. Na kwetu, tusijifiche, sura ya mtu nayo inasomwa: huyu ni wa wapi, jina lake ni la kabila gani, amesimama na nani. Mpiga foto akiweka album nzima kwenye Facebook na majina chini kwa kujitangazia kazi, anaweza kumuumiza mgeni bila kutaka, au mjomba wa mgeni aliyebaki nyumbani. Mgeni naye akiandika jina la mpiga foto kwa shukrani chini ya foto yenye askari nyuma, anamuumiza yeye. Haya yanatakiwa kusemwa kabla, kwa mdomo na kwa maandishi: foto zipi zinawekwa wazi, zipi zinabaki kwa familia, majina yaandikwe au yasiandikwe.

Kuna kitu kidogo cha ufundi ambacho watu hawakifikirii. Simu nyingi zinaandika ndani ya foto mahali ilipopigwa, kipimo kamili. Ukituma foto kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, alama hiyo inaondolewa, lakini foto nayo inabanwa na kupoteza ubora. Ndiyo maana wateja wanaomba zitumwe kama dokima. Sasa zikitumwa hivyo, ubora unabaki na alama ya mahali inabaki pia. Kamera nyingi za kawaida haziandiki mahali, kwa hiyo tatizo ni la simu hasa. Kuzima kazi hiyo kwenye simu ni dakika moja. Vijana wengi wa hapa wamekwisha kulijua jambo hili kuliko wageni wao.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo urafiki unapovunjika. Tuseme mmeafikiana dola 40 kwa asubuhi moja. Mgeni anapiga hesabu ya saa mbili na kuona kijana anamlipisha kama daktari. Tuhesabu upya. Aliamka saa kumi ya usiku kwa sababu wewe ulitaka jua linalotoka. Alilipa taksi-moto kwenda na kurudi, na jana yake alilipa nyingine kwenda kuangalia kama ufuo upo. Kurudi nyumbani anachagua foto sitini kati ya mia nne, anazirekebisha, na kama umeme wa SNEL umekatika anapeleka kompyuta kwa mwenye jenereta na kulipa. Kutuma foto sitini zenye uzito kunakula mega, na mega zina bei. Karti moja ya memwari ikiharibika, faida ya mwezi imekwenda. Humo ndani bado hatujaweka woga. Kijana akitaja dola 40, bei hiyo si ya kukushangaza. Anayestahili kuulizwa maswali ni yule anayekubali dola 10 haraka haraka: atazirekebisha lini, na kwa kompyuta ya nani?

Binamu mwenye iPhone tunamjua wote. Ni mshindani mkubwa wa wapiga foto wa Uvira, kuliko watu wa Bujumbura. Anapiga bure, anakula na nyinyi, na foto zake mara nyingine ni nzuri. Lakini bibi akiwa na miaka themanini na watoto wote wamekusanyika kwa mara ya kwanza tangu vita, na labda kwa mara ya mwisho, familia isimuachie binamu kazi hiyo. Na mtu akimuita mpiga foto, asimgeuze kuwa binamu: “wewe ni mtoto wa hapa, tutaonana,” halafu ndege imepaa Bujumbura na deni limebaki.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Nusu ilipwe mbele, kwa dola safi zisizo na alama wala kuchanika au kwa M-Pesa au Airtel Money, na nusu siku ya kupokea foto. Karatasi moja ya daftari inatosha: siku, saa, fasi, foto ngapi, zitafika lini, nani anaruhusiwa kuziweka wazi, ni nini kitatokea mvua ikinyesha. Majina mawili, sahihi mbili. Wengine wanacheka kusikia mkataba kwa ajili ya foto za ufukweni. Lakini sheria ipo. Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na mpiga foto ni mtunzi: kulipia foto hakukupi moja kwa moja haki ya kuiuza kwa hoteli au kuiweka kwenye tangazo la kampuni ya shemeji. Upande wa pili, Katiba kwenye kifungu cha 31 inalinda maisha ya faragha ya mtu, na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa habari za kibinafsi mtandaoni. Kwa hiyo naye hawezi kusema sura yako ni mali yake. Hakuna atakayekwenda tribinali kwa foto ya pwani, tunajua. Ile karatasi inasaidia watu wawili wakumbuke jambo moja kwa namna moja.

Na watoto. Ukifungua kamera Kavimvira, ndani ya dakika tano una watoto ishirini. Mgeni anawapenda, anawakumbatia, anawapiga, na jioni wako kwenye kurasa za watu Ottawa bila mama zao kujua. Mpiga foto mwenye akili anawapigia foto moja ya wote, anawaonyesha kwenye kioo cha kamera wacheke, halafu anaendelea na kazi bila kuituma popote. Ni adabu ambayo hatujaiona kwa wageni wengi.

Ili watu wasidhani ni shida ya Kongo peke yake, tuangalie pwani ya Kenya. Pale kwenye feri ya Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga foto wengi wenye studio ndogo za mbao na mapazia ya kuchorwa, ambao mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia. Wateja wao hawakuwa watalii wa Ulaya. Walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi au kutembea, wakitaka kupeleka nyumbani foto yenye meli, ndege na maisha mazuri. Wapiga foto wenyewe wengi walitoka bara. Agosti 1997 fujo zikalipuka Likoni, watu wa bara wakawindwa, utalii wa pwani ukaanguka. Biashara iliyosimama juu ya safari za watu ikasimama juu ya kitu kinachoweza kuondolewa kwa usiku mmoja. Zanzibar ni tofauti: studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa na mlango, mtaa na makabati ya negativu, na ikapita mpaka kwa watoto wake. Wapiga foto wa Kavimvira wako karibu zaidi na Likoni. Hawana kabati. Wana karti za memwari na diski moja inayofichwa chini ya nguo wakati wa kukimbia.

Ndiyo maana tunaiomba meya ya Uvira jambo dogo. Iandike karatasi moja, kwa Kifaransa na Kiswahili, inayosema fasi gani kando ya ziwa raia anaweza kupiga foto bila kuomba, fasi gani hapana, na ofisi moja ya kuulizia. Wapiga foto wapewe kadi inayotambuliwa na kila huduma, ili anayeilipia mara moja asiambiwe alipe tena kwa mwingine mita mia mbele. Haihitaji pesa ya wafadhili. Na ingepunguza yale mazungumzo ya pembeni ambayo kila mtu anajua yanaisha vipi.

Mpaka karatasi hiyo iandikwe, mgeni apitie kwanza kwa shefu wa kartie, aende na mpiga foto wake, asalimie, aseme ni familia ya nani. Aulizie hali ya bariere ya Gatumba siku mbili kabla, siyo wiki mbili. Na bariere ikifungwa asubuhi ile, au risasi zikisikika na mkaahirisha, ile nusu iliyolipwa mbele isidaiwe. Kijana alikuwa amekwisha kuamka.